Kitambaa Chekundu Ubavuni

"Musafiri! Umeligonga tena lile jiwe!" Zainabu alitupa nguo alizokuwa akifua, akakimbilia majini. "Ubavu uleule!"

Mwanawe alicheka. "Mama, acha woga. Hii mutumbwi njo ya kisasa, inajiponya yenyewe." Na abiria wakacheka naye.

Si uongo. Mtumbwi huo wa plastiki ngumu aliuleta injinia Elodie, ujaribiwe hapa Kindu. Ndani ya plastiki mna vifuko vya gundi, vidogo kuliko chembe ya unga. Ngozi ya kila kifuko imetiwa dawa ili ishikamane na plastiki. Ufa ukija hauvizunguki, unavipasua, gundi inamwagika na kuufunga. Juma lililopita ubavu ulipasuka mchana, na magharibi haukuonekana hata mstari.

Lakini Elodie alisema pia, Musafiri akisikia: "Kifuko kinapasuka mara moja tu. Pahali pamejiponya, muweke alama. Mukipapiga tena, gundi haiko."

Alama Zainabu aliijua. Wavushaji wa Kindu hutia kitambaa chekundu penye kiraka, mzigo mzito usikae hapo. Wakati wa vita, mumewe Soudi alikuwa nacho kwenye mtumbwi wake wa mti. Wanajeshi wakakinyofoa, wakapanga masanduku ya risasi juu ya kiraka, wakamwamuru avushe. Mto haukumrudisha.

Basi juzi Zainabu alibandika kitambaa palipojiponya. Musafiri akakibandua. "Watu wanaogopa, Mama. Watapanda kwa Aboubakar." Aboubakar ni mvushaji mwenziwe, wa mtumbwi wa kafi.

Sasa palepale pana ufa, mwembamba kama unywele, na juu yake magunia ya mchele.

"Toa hata magunia, baba. Nakuomba."

"Itafunga mbele ya kufika Alunguli, ngambo ile." Akavuta kamba ya mota.

Zainabu alibaki na povu mikononi, akitazama. Katikati ya mto Lualaba mwanamke aliyeketi upande wa kushoto alinyanyua miguu. Na wa pembeni yake. Halafu gunia likatupwa majini, na jingine, na mota ikanyamaza.

Hakuna aliyekuwa akicheka.

"Aboubakar!" Zainabu alikwisha kuingia katika mtumbwi wa mvushaji huyo, ufukoni. "Sukuma!"

"Mama Musafiri, kuna nini?"

"Usiulize! Piga kafi!"