Jina ku Mufuniko

Ile sheria mupya, kila muntu hapa Lubumbashi anaijua: polisi ikikukamata, banaweza kukutuma uhukumiwe Kinshasa, fasi hakuna ndugu wa kukuletea hata maji ya kunywa. Wapi! Kwani sisi hatuna bajuji? Leo batachukua batoto, kesho batachukua Katanga nzima, tutabaki kuomba ruhusa hata ya kukohoa. Njo maana bantu balijaa barabarani, na Aristote, mwana yangu, alikuwa mbele yao. Polisi ilikamata batoto makumi mbili, ikabafunga mu kasho, chumba ya bafungwa, karibu na soko.

Mule ndani batoto balipatana: hakuna kusema jina. Bila jina hakuna dosie, karatasi ya kesi, bila dosie hakuna kupanda ndege ya Kinshasa. Wakili alininongoneza: “Mama Virginie, siku tatu tu. Zikipita bila jina, ni lazima babaachilie.”

Siku ya tatu, ile ya mwisho, nilipika bukari na mboga ya sombe ya batoto bote. Tulikuwa bamama sita ku mulango, na tuliapa hakuna kuita mwana kwa jina. Komanda ya polisi, mwanaume wa sauti ya pole, alipokea sufuria yangu, akaigeuza, akasoma mufuniko.

“Mama Aristote,” akasema.

Eh, Mungu wangu! Mujinga mimi! Kwetu, bamama bakienda kupika ku kilio, ku matanga, kila mumoja anabandika sparadra, ile kitambaa ya kunata, ku mufuniko ya sufuria yake, anaandika jina, juu isipotee. Na jina yangu ku kilio ni gani? Nani ananiita Virginie? Tangu nizae, mimi ni Mama Aristote.

Komanda alitoa biki ya kuandika. “Aristote iko mule ndani?”

Nilijibu haraka: “Hapana, Komanda. Aristote alikufa.”

“Alikufa lini?”

“Juma iliyopita. Malaria.”

Kusema mwana muzima alikufa, kwetu ni kumuitia kifo kwa jina. Niliogopa kuliko nilivyoogopa bunduki zao. Lakini yule mwanaume aliendelea kuniangalia, haamini, basi nilikaa chini mu vumbi, nikafungua kitambaa ya kichwa, nikalia.

“Aristote weee! Mwana yangu weee! Uliniachia nani?”

Bale bamama batano balikaa pembeni yangu, nabo bakalia. Kulia tunajua, tumezika bantu wengi. Uchungu ya mwana, mwenye kuzaa njo anaijua, na machozi yangu hayakuwa ya bongo, ya kudanganya: nilimuona Aristote mu ile ndege, nilimuona peke yake. Komanda alishusha macho. “Pole, mama,” akasema, akarudisha biki mu mufuko. Nilimushukuru Mungu mu roho, lakini nilizidisha sauti, ili aamini kabisa.

Njo vile sauti ilitoka ku kadirisha ya kasho.

“Mama! Mama, usilie! Ni mimi, niko muzima!”

Nilisikia wenzake banamugombeza, banajaribu kumufunga kinywa. Anyamaze namna gani, na mama yake analia kilio yake inje? Mimi njo nilimuzaa na ile roho.

Komanda alitoa tena biki, bila hasira.

“Aristote nani, mama?”

Niliziba masikio. Lakini hata vile nilimusikia, anapiga chuma ya dirisha, anaita: “Mama, nyamaza, niko muzima! Niko hapa!”