Nyama ya Pongo

Miaka ile ya Mwingereza, baridi ya Njombe ilikuwa baridi kweli. Ukimwamkia mtu alfajiri, salamu inaganda njiani, anaisikia saa nne jua likishaiyeyusha. Ndiyo maana Elieza, fundi cherehani wa pale sokoni, hakuona vibaya kuvaa koti la karani wa boma aliloletewa alitie bitana. Karani mwenyewe hakuambiwa.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Elieza alikuwa akimtaka Dorika, na Dorika hajasema ndiyo wala hapana. Basi akamwalika kwenda Makambako kutembea: waone pango walimojificha watu wakati wa vita vya Majimaji, kisha wasikilize ngoma. Shangazi Priska alifuatana nao, maana binti wa watu hapandi lori na mwanamume hivi hivi. Elieza aliapa moyoni kwamba harudi Njombe bila jibu.

Kwenye mlima lori lilienda polepole hata konokono akalipita, akawapungia pembe. Hapo ndipo alipolidandia Sila, kijana mrefu wa Lupembe, amekumbatia ligombo, kile kinanda chetu cha ubao na nyuzi. Katika lori zima, nafasi aliyoiona ni ile ya kando ya Dorika.

Aliposikia wanaenda pangoni, akasema naye anapita huko huko, bibi yake alifichwa humo akiwa mtoto. Elieza alikuwa amejiandaa kueleza yeye. Walipofika pangoni akafungua kinywa, kumbe Sila alikwisha keti juu ya jiwe, anapiga na kuimba habari za watoto waliozibwa midomo wasilie askari wa Mjerumani wakipita. Dorika akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Kanga ile Elieza ndiye aliyeinunua. Ilimuuma kuiona inalowa kwa ajili ya mwingine.

Makambako mambo yakazidi. Watu walizunguka, Sila akapiga, na katikati ya wimbo akalitia jina la Dorika. Dorika akacheka mpaka akamshika shangazi bega. Elieza akampima Sila shingo kwa macho, kama fundi, akaona inaenea vizuri katika mikono yake miwili.

Ndipo akapata akili: anayetafuna haimbi. Akanunua sahani ya nyama ya pongo, yule mnyama wa msituni afananaye na paa, akaisukuma mbele ya Sila, akamkaribisha ale kwanza.

Sila akarudi nyuma. "Samahani, ndugu yangu. Kwetu pongo ni mwiko."

Elieza, asionekane ametupa fedha bure, akamgeuzia Dorika sahani. Dorika akaficha mikono ndani ya kanga.

"Hata kwetu ni mwiko, Elieza. Hujui?"

Hakujua. Hilo ndilo jambo ambalo kwetu mchumba huuliza mwanzo kabisa, maana wenye mwiko mmoja ni ukoo mmoja, na hao hawaoani. Yeye alikuwa ameuliza rangi ya kanga tu.

Shangazi Priska akaacha kutafuna hindi lake. Akamhoji Sila jina la babu yake, kisha la baba wa babu, kisha walikohama. Mwisho akamshika mkono.

"Dorika, msalimie kaka yako."

Elieza nusura acheze bila ngoma. Lakini furaha yake ilikwisha Sila alipomtazama upya, kwa macho ya mwenye binti.

"Kumbe wewe ndiye unayemtaka dada yangu. Toka asubuhi unanitazama kama nimekuibia mbuzi."

"Unamwonaje, kaka?" Dorika akauliza, na hakuwa anatania.

Sila akamzunguka Elieza taratibu, akapapasa koti lile kwa vidole viwili.

"Si mtu mbaya. Koti lake ndilo zuri zaidi. Nami nalala hapa, shemeji, na baridi ya Makambako inauma."

Elieza akamfikiria karani. Akamtazama Dorika. Akalivua.

"Basi mtume mshenga aje kwa baba," Dorika akasema.

Jibu lilipatikana, na Elieza alipaswa kurudi akiimba. Alirudi akitetemeka, meno yakigongana kwa sauti hata dereva akadhani injini imeharibika, akashuka kuikagua. Kesho yake karani angekuja kuchukua koti, lakini Elieza hakuliwaza hilo. Aliwaza kwamba kabla ya kupanda lori Dorika alimsogelea kaka yake, akamnyooshea kola ya koti taratibu, upande huu na upande huu. Elieza alikuwa amelivaa koti lile siku nzima, na kola yake haikuguswa na mtu.