Choo cha Kompyuta Elfu

Sabina alimsindikiza baba mkwe wake kutoka Pasiansi hadi stendi ya Buzuruga bila hata mmoja wao kupungukiwa heshima, na hilo si jambo dogo. Mzee Ndalahwa alitangulia, yeye akafuata na mfuko wa samaki wa kukaushwa. Maneno yalikuwa machache, macho yakabaki chini. Kilichobaki ni mzee kupanda basi la kurudi Magu tu. Ndipo mzee alipokohoa, akatupia jicho upande wa vyoo vya kulipia vilivyo nje ya stendi, kisha akatazama pembeni. Sabina alielewa, akajifanya hakuelewa, akaenda kulipia.

Miezi michache nyuma choo kile kilikuwa na Bi Sihaba, ndoo ya maji na kikopo cha sarafu. Ulimpa mkononi, ukaingia, ukatoka, dunia ikaendelea. Sasa Bi Sihaba alikuwa kando akiuza kahawa, na mahali pake palisimama mlango wa chuma wenye kioo cha maandishi, pamoja na kijana aitwaye Nathaniel, mwenye fulana ya kampuni na uso wa mtu aliyeileta mvua yeye mwenyewe.

"Hii ni blokcheni, mama," alisema, huku akimwekea Sabina programu kwenye simu. "Kila malipo yanaandikwa kwenye kompyuta elfu moja, duniani kote. Hayafutiki. Hakuna wa kuiba."

"Kuiba nini, mwanangu? Chooni?"

Simu iliuliza jina la mtumiaji. Mkwe hatamki jina la baba mkwe wake, sembuse kuliandika kwa ajili ya choo. Sabina aliandika jina lake mwenyewe. Mlango ukafunguka, mzee akaingia.

Hakutoka.

Mlango ule, kabla haujamruhusu mtu kutoka, ulikuwa na kazi zake: kuhesabu dakika, kupima maji, kukata malipo ya nyongeza, kisha kusubiri kompyuta zile zikubaliane. Siku hiyo hazikuwa na haraka. Badala yake simu ya Sabina ilianza kulia. *Sabina, upo ndani dakika saba. Sabina, umetumia lita sita.* Ikalia tena: lita tisa. Uso ulimwaka. Katika watu wote wa Mwanza, yeye peke yake ndiye asiyepaswa kujua habari hizo, na chombo cha kisasa kilikuwa kimemchagua yeye.

"Magu! Magu, tunaondoka!" konda alipaza sauti.

"Fungua, mwanangu," Sabina alimwambia Nathaniel.

"Tusubiri uthibitisho, mama. Mtandao umesongamana."

"Fungua kwa ufunguo."

"Hakuna ufunguo. Hakuna mwenye mamlaka ya kufungua, si mimi, si bosi. Ndiyo uzuri wake." Alikikagua kioo, akakunja uso. "Halafu humu inaonyesha aliye ndani ni wewe."

"Na mimi niliyesimama hapa ni nani?"

Nathaniel alimtazama, akakitazama kioo, akamtazama tena, kama hakimu aliyeletewa mashahidi wawili. "Kompyuta elfu zimeshakubaliana kuwa uliingia wewe, mama."

"Elfu nzima!" Bi Sihaba aliangua kicheko hadi kahawa ikamwagika. "Mimi nilikuwa mmoja tu, na sijawahi kumfungia mtu chooni nikamwambia aliye nje kuwa yumo ndani!"

Watu walianza kusogea. "Aliye humo amehamia?" mpiga debe mmoja alidakia, wenzake wakacheka. Hicho ndicho Sabina alichokiogopa kuliko kuachwa na basi. Basi lingine lingepatikana. Lakini mzee akitolewa chooni mbele ya macho ya stendi nzima, naye mkwe wake akishuhudia, asingekanyaga tena Pasiansi, na wajukuu wangekua wakimsikia kwa simu tu.

Kugonga mlango hakuweza. Kuita hakuweza. Alifungua kitenge chake cha juu, akampa Bi Sihaba ncha moja. "Dada, shika."

Wakatanda pazia. Sabina aliupa mlango mgongo, akaukabili umati.

"Nyie hamna baba zenu? Geukeni! Na nyie wawili wenye midomo mirefu, mnasukuma mabasi kila siku, leo mlango unawashinda?"

Wale wawili walileta mtaimbo. Kitasa kilikuwa cha kisasa, bawaba zilikuwa za kawaida kabisa. Hazikuomba ruhusa ya kompyuta yoyote. Mlango uling'oka, ukaegemezwa ukutani.

Sabina hakugeuka. Alisikia viatu vikipita nyuma ya kitenge, vikizunguka polepole, vikisimama karibu na basi. Ndipo akaenda na mfuko wake, akapiga goti kana kwamba wanaonana kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Basi limefika?"

"Limefika, baba."

Mzee alikuwa ameshakaa dirishani Nathaniel alipokuja mbio. "Mlango huu nani ataulipa?"

"Aulizwe mwenye mamlaka," alisema Mzee Ndalahwa, akaanza kufunga kioo cha dirisha. "Sabina, uwaambie watoto nitakuja sikukuu."

Basi liliondoka. Simu ikalia. *Hongera, Sabina! Malipo yamethibitishwa. Sasa unaweza kutoka.* Pale ukutani, kitasa chenye betri yake kilitoa mlio mdogo na kufunguka, kwa adabu zote, huku nyuma ya mlango pakiwa na ukuta mtupu.

Sabina aliufuta ujumbe bila kuusoma mstari wa chini, ule wa lita.