Fungu la Mwokaji

Mitaa ya nyuma ya kiwanda cha pamba haikuwa na nyumba hata moja yenye tanuri. Basi kila Jumapili asubuhi wanawake walipitia kwa Keziah Thornley, mjane wa mwokaji mikate, wakamwachia sinia zao za nyama na viazi aziokee, wao wakaenda zao kanisani. Keziah naye akabaki na kisu. Kipande chembamba hapa, kingine pale, na mafuta yaliyochuruzika anayakinga kwenye gudulia akauze. Mchezo huo alifundishwa na marehemu mumewe, Enoch. Nyama ikiokwa si hunywea? Nani atajua? Wala roho haikumsuta, jamani, analala fofofo.

Jumapili moja ibada ilipokwisha, wateja wakapanga mstari mlangoni. Keziah akazitoa sinia tanurini, akageuka kuzipanga mezani. Lo! Enoch huyo, kasimama ng'ambo ya meza. Alikufa na kitambi chake. Sasa mashavu yamebonyea, na matofali ya ukutani yanaonekana kupitia kifuani mwake.

"Enoch?" Keziah akanong'ona.

"Njaa, mke wangu. Kila nilichowakatia watu, huko nakila upya. Nakula, nakula, sishibi. Na kiti cha pembeni yangu wamekifuta vumbi wiki hii. Nimeuliza cha nani, wakanitajia jina lako. Acha, Kezi. Acha leo."

Wateja hawakumwona mtu. Walichoona ni mjane aliyekodolea ukuta macho.

Njaa ikamshinda Enoch. Mkono wake ukaifuata sinia ya Dorcas Ogden, mfua nguo mwenye watoto sita, ambaye nyama yake yote haikuzidi ngumi. Akaanza kukata. Keziah akajisahau.

"Wee Enoch, koma! Hiyo ya Dorcas nimeshaikata!"

Enoch akatoweka, zikabaki sura za watu zikimtazama. Keziah alihisi moto ukimpanda shingoni hadi masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nilikuwa... nilimaanisha..."

"Umeshaikata, eeh?" akadakia mwanamke mmoja wa nyuma. "Na sisi tulidhani inanywea kwa kuona haya!"

Watu wakaangua kicheko. Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo lililomchoma.

"Mlikuwa mnajua?"

"Bi Keziah, macho tunayo," Dorcas akajibu, wala hakuwa na hasira. "Mimi nikifika buchani husema, niongezee kidogo, la mwokaji. Mwenye bucha mwenyewe ameshazoea, analiita fungu la mwokaji. Tungefanyaje, mama, na tanuri ni lako?"

Kumbe lina jina! Hata watoto wa mtaani wanalijua. Na yeye miaka yote hiyo anakwenda kukaa kiti cha mbele kwenye ibada ya jioni, anaamkiwa, anaitikia kwa maringo, nao wanamwamkia huku wanajua. Aibu gani hii! Akainyakua nyama aliyojiokea mwenyewe, nzima, haijaguswa, akaiweka kwenye sinia ya Dorcas.

Dorcas akairudisha taratibu mezani. "Hiyo ni yako, mama. Sikuja kuomba."

Akafunika sinia yake kwa kitambaa, akaelekea mlangoni. Kisha akasita, akageuka. Hakuwa anakejeli; alikuwa anauliza kweli.

"Samahani, Bi Keziah. Kwa hiyo Jumapili ijayo naweza kununua kipande kidogo kuliko cha siku zote? Maana nikiiacha ile nyongeza, taratibu nitampatia kitindamimba wangu viatu."

"Unaweza," Keziah akajibu, macho sakafuni.

"Ahsante sana, mama. Mungu akubariki."

Ahsante hiyo ilimwumiza Keziah kuliko kicheko chote, akashindwa hata kuinua uso kumwita mteja aliyefuata.