Mboni za Dereva wa Kreni

Pale kwenye ujenzi wa ghorofa walimwita Bibi wa Juu, kwa kuwa ndiye aliyeendesha kreni. Miaka kumi na moja alikuwa akipandisha nondo na zege, na hajawahi kumwangushia mtu hata kokoto.

Siku ya kupimwa afya alianzia kwa daktari wa macho, akatiwa matone yaliyomwasha kidogo. Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwa tabibu wa kampuni, mgeni wa mwezi mmoja tu kazini. Tabibu akamfunga mkanda wa presha, akasoma. Akammulika machoni. Weusi wa mboni ulikuwa umetanuka hadi karibu umeze jicho zima, na mwanga wala haukuushtua.

"Mama, unatumia nini?"

"Natumia chai."

"Sitanii. Presha mia na sabini na nne, na mboni kama hizi! Dawa za kulevya ndizo zinazofanya hivyo."

Msimamizi, ambaye siku nyingi alitaka kreni apewe shemeji yake, alifika mbio kama aliyeitwa kula. Akaweka karatasi mezani.

"Tia saini kwamba unaacha kazi kwa hiari. Tukulindie heshima."

"Heshima yangu nailinda mwenyewe. Saini sitii, na hapa sibanduki." Akajikalia kwenye benchi. "Nimetiwa matone machoni asubuhi hii."

"Kisingizio hakikosekani," msimamizi akaguna, akatoa kichwa dirishani na kuwatangazia mafundi kwamba dereva wa kreni amekutwa na dawa za kulevya.

"Basi pimeni mkojo. Presha nayo mrudie kila nusu saa, na muandike. Daktari wa macho namba yake hii hapa. Mpigieni, nami nisikie."

Tabibu akapiga, simu ikiwa kwenye spika.

"Ni mimi niliyemtia," daktari akasema. "Dawa ile hutanua mboni, na hubana mishipa ya damu. Kuna watu huwapandisha presha. Kwani hukumuuliza ametoka wapi?"

Tabibu akakata simu, akampa kichupa cha mkojo. Kipimo cha mkojo hakikuonyesha kitu. Ilipofika saa nane presha ilikuwa mia na thelathini na nane, na mboni zimeanza kunywea.

"Haya, mama, yameisha," msimamizi akasema. "Kapumzike."

"Hayajaisha." Akainuka kwenye benchi. "Umeshanitangaza mlevi kwa mafundi wote. Nenda ukanisafishe mbele yao hao hao."

Wakatoka. Mafundi walikuwa wamekaa juu ya mifuko ya saruji, wanakula. Msimamizi akanong'ona kitu kwenye kola ya shati lake.

"Sauti!" akapaza mchanganya zege.

Msimamizi akarudia, safari hii kwa sauti: hakuna dawa za kulevya, walikosea. Tabibu naye akaichana ripoti aliyoandika asubuhi, akaandika nyingine ya kumsafisha palepale, akiiegemeza kwenye toroli.

Bibi wa Juu akaisoma kwa shida, jua likimchoma macho, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Leo sipandi, mwanga unaniumiza," akamwambia msimamizi. "Kesho saa moja nazikuta funguo za kreni mezani. Shemeji yako mtafutie kazi kwingine."