Mkurugenzi wa Rafu ya Chini

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, nesi wa chanjo alifungua friji kubwa ili atoe chanjo ya surua, akamkuta mkurugenzi wa hospitali amejikunja rafu ya chini, mkoba magotini.

"Hapa ghorofa ya tatu?" mkurugenzi aliuliza.

"Hapana, bosi. Hii ni friji."

Mkurugenzi akashukuru, akatoka, akapanda ngazi. Alikuwa ameingia kwenye lifti pale mapokezi kama siku zote. Chanjo zenyewe zilikutwa ghorofa ya tatu, ndani ya lifti, masanduku manne yamepangwa vizuri na yote yameshapata joto. Akina mama thelathini na mmoja walikuwa nje na watoto wao. Nesi aliwarudisha nyumbani huku aibu imemjaa, maana surua ilikuwa imeshaingia mtaa wa pili.

Fundi wa mitambo alikuja na bisibisi yake. Lifti ile ni kongwe na friji ni rika lake. Zote mbili huongea na kompyuta ya ofisini kwa chipu za mtandao za kizamani, zisizotengenezwa tena. Mwezi uliopita chipu hizo zilikufa, na shemeji yake mkurugenzi akaleta nyingine za bei ya kutupa. Kwa kawaida kila chipu hutoka kiwandani na namba yake, isiyofanana na nyingine yoyote. Za shemeji zilikuwa za kughushi, na aliyezighushi alikuwa mwizi na tena mvivu: zote alizipa namba moja.

"Mtandao ukiita lifti, na friji inaitika," fundi alieleza. "Haujui nani ni nani, basi unachanganya mizigo. Lakini ninayo chipu moja halisi, niliitoa kwenye mashine mbovu. Nipeni dakika kumi tu."

Mkurugenzi akawaza. Kubadilisha chipu ni kukiri kwamba shemeji alileta feki, na kukiri hivyo ni kulala sebuleni, kwa kuwa mkewe alimpenda kaka yake kupita kiasi.

"Taa za hizo chipu zinawaka?"

"Zinawaka, bosi."

"Basi ni nzima. Usiguse."

Haikupita wiki watu wakazoea. Mkurugenzi alinunua koti zito. Rafu ya chini iliondolewa asije akaumia mgongo, pakawekwa zulia dogo na kioo cha kuchania nywele. Nesi alipewa barua ya onyo kwa kuacha chanjo ndani ya lifti, na barua nyingine ya kumtaka abishe hodi kabla ya kufungua friji. Alilia kidogo chooni, akanawa uso, akaanza kubisha.

Jumatatu ya tatu alibisha, akafungua, akampokea mkurugenzi mkoba.

"Leo kuna baridi," mkurugenzi alisema.

"Pole, bosi."

Kisha nesi akawageukia akina mama. "Chanjo zimeharibika tena. Rudini Jumatatu."

Wakaanza kufunga kanga na kuokota viatu vya watoto. Mama wa mbele, ambaye mwanawe alikuwa na macho mekundu na vipele nyuma ya masikio, hakuinuka.

"Jumatatu ipi, dada?"