Chumba cha Mfaranyaki Chahamia Namtumbo

Mzee Sipriani alikuwa amekaa barazani kwake Mfaranyaki, mjini Songea, anapukuchua mahindi, mpangaji wake Kunegunda alipomletea barua ya uhamisho. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, Desemba, na mvua ya usiku ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye mabati. Kunegunda alikuwa karani wa mizani katika kampuni moja ya kununua tumbaku. Kampuni ilimpa siku saba awe amesharipoti Namtumbo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kuna nini tena, bomba limekatika?"

Akamweleza. Katika chumba kile alikuwa amekaa miezi mitatu tu, lakini kodi alilipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, kwa sababu Mzee Sipriani hakupokea pungufu ya mwaka. Ndivyo wenye nyumba walivyo. Unalipa mwaka kabla hujalala hata usiku mmoja, na yeye anaondoka na hela yako kwenda kununua mabati. Mabati yaliyoezekea vile vyumba vinne vya kupanga yalitoka kwenye kodi ya Kunegunda, na Mzee Sipriani mwenyewe aliwahi kulisema hilo, tena huku anacheka.

Sasa Kunegunda aliomba kitu kimoja, arudishiwe kodi ya miezi tisa iliyobaki akapange Namtumbo. Binti yake Careen, wa miaka saba, alikuwa Madaba kwa bibi yake tangu aachishwe ziwa, na Januari ilikuwa aanze darasa la kwanza akiwa kwa mama yake. Bila ile kodi hakuna chumba, na bila chumba hakuna Careen. Kunegunda alilisema hilo waziwazi, wala hakuzunguka.

Mzee Sipriani akaingia ndani, akatoka na mkataba. Akausoma wote kwa sauti mpaka kwenye mhuri.

"Wapi pameandikwa uhamisho? Nionyeshe kwa kidole."

"Hapajaandikwa, baba. Lakini kuna ubinadamu."

"Ubinadamu nao haujaandikwa." Akarudi kwenye mahindi yake. "Mimi sikufukuzi. Chumba ni chako mpaka Septemba iishe. Funga mlango, nenda kazini kwako."

Macho makavu kabisa! Kunegunda akafunga mlango, akaacha kitanda na kabati ndani kwa kukosa nauli ya kuvisafirisha, akapanda basi na begi moja.

Namtumbo alifikia kwa Ester, karani mwenzake, akawa analala sebuleni kwenye mkeka. Shule zilipofunguliwa, bibi akapiga simu kutoka Madaba.

"Wenzake wameanza. Mtoto ananiuliza mimi, nami nimjibu nini?"

"Mwambie asubiri, mama."

"Asubiri nini?"

Kunegunda akaaga, akakata simu. Usiku alilala na hasira, asubuhi akaamka nazo, akaenda nazo kazini.

Siku ya kumi na nne tangu aripoti, chumba kikaja.

Kilifika Jumatano saa moja asubuhi kwa barabara kuu, kikiwa kimeshika upande wa kushoto kama sheria inavyotaka. Njiani askari wa barabarani alikisimamisha, akakizunguka akitafuta matairi ayakague, hakuyaona, akakiruhusu kiendelee. Kikapita uchochoroni, kikaingia kwa Ester kwa upande wa nyuma, kikatulia. Ndani kulikuwa na kitanda, kabati, ndoo ya maji ambayo haikumwagika, na mita ya umeme iliyobakiwa na yuniti kumi na nne. Kule Mfaranyaki safu ya vyumba ikabaki na pengo kama la jino, na wapangaji wa pande zote mbili wakatundika maturubai.

Ester akatoka nje na mswaki mdomoni.

"Mama Careen, chumba chako kimekanyaga mahindi yangu."

"Mistari mingapi?"

"Miwili."

"Basi nisamehe, nitakufidia," Kunegunda akasema, akaingia ndani kutafuta ufunguo kwenye begi.

Majirani nao walipita kukiona, kila mmoja na shughuli zake. Walichouliza ni kama kodi imeisha. Walipoambiwa bado, walisema basi kina haki ya kuwa pale, wakaenda zao shambani.

Jumamosi hiyo Careen akaletwa. Aliambiwa chumba kimetembea kutoka Songea, akauliza kama kimechoka. Mama yake akaugusa ukuta, akasema kidogo. Jumatatu mtoto akaanza shule, na kila jioni alikaa kitandani akisoma herufi kwa sauti kubwa mpaka Ester anacheka kutoka jikoni kwake. Kunegunda hakumbuki wakati mwingine aliokula akashiba vile.

Mwezi wa tatu Mzee Sipriani akaja. Alipiga hodi kwa adabu, akapewa kiti, akanywa chai vikombe viwili na mkate. Ndipo akaanza kugonga kuta kwa kifundo cha kidole.

"Huu ufa haukuwepo."

"Baba, kimetembea kutoka Songea mpaka hapa."

"Kwa hiyo umekitembeza."

"Kimekuja chenyewe. Nami kodi nimelipa, wewe ndiye uliyeniambia ni changu mpaka Septemba."

"Tutaongea kwenye baraza la kata," Mzee Sipriani akasema, akaaga.

Barazani hakuna aliyebisha kwamba chumba kilihama chenyewe. Karani wa baraza aliliandika hilo kwa mstari mmoja, akapiga mstari chini yake. Kunegunda akaona ameshinda. Kodi imelipwa, na chumba kimemfuata aliyekilipia, sasa kesi iko wapi? Ndipo Mzee Sipriani akamsimamisha shahidi wake. Alikuwa Daimu, fundi cherehani, mpangaji mpya wa chumba kile kile. Tangu Februari alikuwa analala katika lile pengo, juu ya tope, yeye na cherehani yake.

"Ulipangaje chumba ambacho hakipo?" mwenyekiti akamuuliza.

"Niliambiwa kipo safarini," Daimu akasema. "Nikalipa mwaka. Wallahi nimenyeshewa mpaka cherehani imeota kutu."

Damu ikamchemka Kunegunda. Miezi yote hiyo alikuwa amejizuia, baba shikamoo, baba samahani, baba karibu chai. Sasa akasimama, akamtolea uvivu mbele ya watu wote.

"Kumbe umekula kodi mara mbili! Chumba kimoja, umekiuza kwa watu wawili, na huyu ukamlaza kwenye tope! Mwizi wewe! Na Jumapili unapanga foleni ya komunyo, huna hata haya!"

Hakukosea hata neno moja, na kila aliyekaa kwenye yale mabenchi alijua hivyo. Wengine walitazama viatu vyao.

Baraza likanong'onezana, halafu mwenyekiti akasoma uamuzi. Kwa kumtukana mzee, Kunegunda atamlipa Mzee Sipriani faini ya jogoo mmoja. Chumba kirudi Mfaranyaki, kwa kuwa Daimu hana ukuta. Kodi ya Kunegunda iliyobaki itaziba ule ufa. Ama habari ya kodi kuliwa mara mbili, hakuna aliyeifungulia shauri, na anayetaka kuifungulia atangulize ada.

Walipotoka nje Daimu alimsogelea. "Dada, nisamehe. Mimi nilikuwa nataka ukuta tu."

"Sina ugomvi na wewe," Kunegunda akamwambia. Alikuwa na ugomvi na wengine wote.

Siku ya kuondoka, chumba kiligoma. Kunegunda alikuwa ameshatoa vitu vyote, kitanda, kabati, sufuria, vimekaa uwanjani kwa Ester, lakini chumba hakikuondoka. Wakaletwa mgambo wawili na fimbo, wakakiswaga kama ng'ombe wa mnada. Kilikwenda pole pole. Mzee Sipriani alikuwa mbele anaonyesha njia, jogoo kwapani.

Mchana huo huo Careen akapandishwa basi, akarudishwe kwa bibi. Sebule ya Ester haikuwatosha wote, na Ester alikuwa na wanawe. Mtoto hakulia. Aliuliza tu kama mwalimu atamfuta jina, na mama yake akasema atalikata kwa penseli tu, ingawa hakujua lolote kuhusu hilo. Bibi alisimulia baadaye kwenye simu kwamba basi lilikipita kile chumba njiani. Dereva alipiga honi, chumba kikasogea pembeni kama watembeao kwa miguu, na Careen akatoa mkono dirishani akakipungia. Chumba hakina mikono, kwa hiyo kiliendelea na safari.

Kunegunda alijinyima mpaka Oktoba. Hakununua hata kanga. Alipotimiza kodi ya mwaka, akaenda kutafuta chumba Namtumbo, na huko akakuta wenye nyumba wameshasikia habari za Mfaranyaki, tena wameshazifanyia kazi. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kumrudishia kodi mpangaji anayehamishwa. Walichofanya ni kununua minyororo. Kila chumba cha kupanga kilikuwa kimezungushiwa mnyororo na kufungwa kwenye nondo iliyochimbiwa kwa zege, na gharama ya mnyororo ilikuwa imeongezwa kwenye kodi.

Mkataba ulikuwa na kurasa tatu. Kifungu cha kumi na moja kilisema chumba hakitamfuata mpangaji kwa sababu yoyote ile. Kunegunda akaomba kiongezwe kimoja tu, cha kurudishiwa kodi akihamishwa. Mwenye nyumba akamwangalia bila ubaya wowote.

"Dada, wapo wanaokisubiri hiki chumba."

Akatia sahihi. Aliibonyeza kalamu kwa hasira mpaka ikatoboa karatasi, na mwenye nyumba akamwambia haina neno, inasomeka.

Jioni akapiga simu Madaba. Bibi akampa Careen.

"Nimepata chumba. Januari unakuja."

"Na hicho kinatembea?"

"Hapana. Hiki kimefungwa mnyororo."



"Kimefanya kosa gani?"

"Hakijafanya kosa lolote, mwanangu," Kunegunda akasema. "Hakijafanya kosa lolote."